Nywele za Kidevuni kwa Mwanamke: Kabla Hujalipia Leza

"Daktari, nina umri wa miaka 31 na ninafanya kazi benki, mahali ambapo natazamana na wateja uso kwa uso mchana kutwa. Tangu nilipokuwa na miaka 24 hivi nimekuwa nikiota nywele nene kidevuni na chini ya taya. Mwanzo nilizing'oa kwa kibano, kisha nikawa natolewa kwa nta saluni, na sasa nanyoa kwa wembe kila baada ya siku mbili. Kidevu kimejaa vipele vinavyouma na madoa meusi. Nimekuwa nikipaka krimu niliyochanganyiwa katika duka moja la vipodozi katikati ya jiji. Madoa hufifia nikiipaka na hurudi nikiiacha. Kliniki moja ya urembo huko Kilimani, hapa Nairobi, imeniambia kwamba nikilipia vipindi vinane vya mashine ya IPL nywele zitakwisha kabisa, na kwamba siku hiyo hiyo watanichubua uso kwa dawa ili madoa yatoke. Nikilipa zote kabla ya mwisho wa mwezi nitapunguziwa bei. Shangazi yangu ananionya kuwa leza huunguza ngozi nyeusi na huleta saratani. Rafiki yangu anasema kosa langu lilikuwa kunyoa. Ruracio yangu, yaani sherehe ya mahari, ni baada ya miezi minne. Je, nilipe? Labda niongeze kwamba hedhi yangu haina mpangilio. Wakati mwingine hukosekana miezi miwili au mitatu."

Dada yangu, nimeisoma barua yako zaidi ya mara moja, kwa sababu ndani yake mna maswali matatu yaliyofungwa pamoja: kwa nini nywele hizi zinaota, ni njia gani ya kuziondoa inayoifaa ngozi yako, na madoa yatatokaje. Kliniki imekujibu la pili na la tatu tu, tena kwa haraka. Jibu langu ni hili: usilipe bado. Leza, yaani mwanga mkali unaochoma mizizi ya nywele, inaweza kukufaa sana, na sipendi onyo la shangazi yako likunyime matibabu mazuri. Lakini mashine uliyotajiwa, hiyo IPL inayotumia taa kali badala ya leza, siyo ambayo ningeichagua kwa uso wako, na kabla ya mashine yoyote kuna vipimo vya damu ambavyo, kwa jinsi ulivyoeleza, hakuna aliyekuagiza uvifanye.

Nianze na maneno ya rafiki yako, kwa kuwa yanawaumiza wanawake wengi bure. Kunyoa hakuongezi nywele wala hakuzifanyi ziwe nene. Wembe hukata sehemu iliyokufa ya unywele juu ya ngozi, na mzizi ulio chini hauna habari na kilichotokea huku juu. Mwanaanatomia Mildred Trotter alilichunguza jambo hili nchini Marekani na kuchapisha matokeo yake mwaka 1928, akaona kwamba kunyoa hakubadilishi ukuaji wa nywele, na waliofanya utafiti baada yake wameafikiana naye. Unywele ulionyolewa hukwaruza kidole kwa sababu ncha yake imekatwa bapa, ilhali ncha ya asili ni nyembamba na laini. Ndevu zako hazikuletwa na wembe.

Vipele ndivyo vilivyoletwa na wembe, na kibano, na nta. Nikikitazama kidevu kama chako kwa lenzi ya kukuza, mara nyingi naona uzi mweusi uliojikunja chini ya ngozi kama upinde, ncha yake ikiwa imechoma na kuingia tena ndani, milimita moja au mbili kutoka pale ulipotokea. Nywele zetu Waafrika huota zikiwa zimejipinda kutoka kwenye kinyweleo chenyewe, yaani kitundu cha ngozi unamoota unywele, nacho pia kimepinda. Ukizinyoa karibu mno na ngozi, ncha iliyokatwa hujikunja na kurudi ndani. Ukizing'oa, mara nyingine hukatikia chini ya ngozi, na unywele mpya unapopanda hukosa njia ya kutokea. Mwili huuona unywele huo kuwa kitu kigeni, unaupiga vita, na kidonda kidogo cha vita hivyo ndicho kipele unachokigusa. Kipele kinapopona, ngozi nyeusi huacha doa, kwa sababu chembe zinazotengeneza rangi hufanya kazi kupita kiasi kila zinapochokozwa. Kwa hiyo madoa yako si ugonjwa wa pili unaohitaji dawa kali ya kuchubua; ni kivuli cha vipele, na vipele ni matokeo ya nywele. Krimu yoyote itakayofifisha madoa huku nywele zikiendelea kujikunja chini ya ngozi itakuwa inafuta maji huku bomba likivuja.

Sasa nije kwenye jambo uliloliongeza mwishoni kana kwamba halina uzito. Mwanamke mwenye nywele nene kidevuni ambaye hedhi yake hukosekana miezi miwili au mitatu anapaswa kuchunguzwa homoni zake kabla ya kufikiria mashine. Kila mwanamke ana homoni za kiume kwa kiasi kidogo, zinazotoka kwenye ovari na kwenye tezi zilizo juu ya figo. Zikizidi, au ngozi ikiwa nyepesi kuziitikia, malaika, yaani zile nywele laini zisizoonekana sana, za kidevuni, kifuani au chini ya kitovu hugeuka kuwa nywele nene nyeusi. Sababu inayoongoza ni ugonjwa wa vifuko vingi vya ovari, ambao wengi wanaufahamu kwa kifupi chake, PCOS. Huwapata takribani mwanamke 1 kati ya 10 wa umri wa kuzaa, na Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba hadi asilimia 70 ya walio nao hawajui. Dalili zake ni hizi ulizozitaja, pamoja na chunusi, nywele za kichwani kupungua kuanzia utosini, na kwa baadhi ya wanawake unene unaokaa tumboni. Ugonjwa huu hauishii usoni: huongeza uwezekano wa kisukari, huweza kuchelewesha mimba, na hedhi inapokosekana muda mrefu ukuta wa mfuko wa uzazi huongezeka unene bila kusafishwa, jambo ambalo baada ya miaka mingi linaweza kuleta saratani ya mfuko huo. Unajiandaa kuanza nyumba. Haya ni mambo unayostahili kuyajua sasa.

Sisemi kwamba lazima unao. Kuna wanawake wenye homoni zilizo sawa kabisa ambao wameota nywele za kidevu kama mama zao na bibi zao, na hedhi inaweza kuvurugwa na tezi ya shingo, na msongo, au na homoni ya maziwa iliyopanda. Ndiyo maana tunapima. Daktari wa wanawake au wa homoni, au hata daktari wa kawaida aliye makini, ataagiza kipimo cha testosteroni, cha tezi ya shingo, cha prolaktini (hiyo homoni ya maziwa), cha homoni moja inayotuonyesha hitilafu za kuzaliwa za tezi za juu ya figo, na sukari. Pengine na picha ya ovari. Ikiwa PCOS itathibitishwa, kuna vidonge vya uzazi wa mpango vinavyopunguza homoni za kiume, na kuna dawa iitwayo spironolaktoni ambayo huzuia homoni hizo zisifike kwenye kinyweleo. Hii ya pili haifai kwa mtu anayeweza kushika mimba bila kinga, kwa hiyo mwambie daktari wako wazi mipango yenu ya watoto baada ya ndoa. Dawa hizi huchukua miezi sita hivi kabla ya kioo kuonyesha tofauti, kwa kuwa unywele uliokwisha kuwa mnene haurudi nyuma upesi.

Hili lina uhusiano wa moja kwa moja na fedha zako. Leza huharibu vinyweleo vilivyopo leo. Haiwezi kuvizuia vinyweleo vingine, ambavyo leo vina malaika tu, visigeuzwe na homoni mwaka ujao. Mwanamke mwenye homoni zisizotibiwa hulipia vipindi vinane, akafurahi, kisha baada ya mwaka mmoja huona nywele mpya na kudhani ametapeliwa. Huenda mashine ilifanya kazi yake vizuri kabisa.

Leza yenyewe hufanyaje kazi? Msingi wake ulielezwa mwaka 1983 na watafiti wawili wa Marekani, Rox Anderson na John Parrish: ukichagua mwanga wa rangi moja unaopendwa na kitu fulani mwilini, ukaupiga kwa muda mfupi mno, kitu kile hupata joto na kuharibika kabla jirani zake hawajaungua. Katika nywele, kitu hicho ni melanini, rangi nyeusi iliyomo ndani ya unywele. Mwanga hushuka, melanini huumeza na kuugeuza joto, na joto hilo huchoma mzizi na sehemu ya kinyweleo inayozalisha unywele mpya. Mambo mawili yanafuata hapo. Kwanza, nywele nyeupe na malaika wembamba hawasikii leza, kwa kuwa hawana melanini ya kutosha. Pili, joto hufika mzizini ikiwa tu unywele umeungana nao, yaani uko katika kipindi cha kukua. Nywele zilizo katika kipindi cha kupumzika huponea siku hiyo. Ndiyo sababu ya vipindi vingi: sita hadi nane ndiyo kawaida, kila baada ya wiki nne hadi sita usoni. Ndiyo sababu pia ya kuacha kibano, uzi na nta angalau wiki nne kabla, kwani ukiung'oa mzizi leza haina cha kuchoma. Kunyoa kunaruhusiwa, tena huwa tunaomba unyoe siku moja kabla.

Tatizo letu ni kwamba melanini haimo kwenye nywele peke yake. Imo kwenye ngozi pia, tena juu, mahali ambapo mwanga hupita kwanza. Mashine isiyochaguliwa kwa uangalifu hupasha joto ngozi kabla ya kuufikia unywele, na hapo ndipo yanapotokea malengelenge, madoa meusi yenye umbo la kichwa cha mashine, na mara nyingine madoa meupe ambayo ni magumu zaidi kuyatibu. Shangazi yako hakutunga hadithi. Huenda amemwona mtu aliyeunguzwa hivyo, kwa kuwa mashine za kwanza zilizoidhinishwa Marekani katikati ya miaka ya 1990 hazikulenga ngozi kama yetu. Kuhusu saratani, mtulize: mwanga wa leza za nywele hauna nguvu ya kuvunja vinasaba kama eksirei au miale ya urujuanimno ya jua, na haujulikani kusababisha saratani ya ngozi.

Kinachoamua usalama ni urefu wa wimbi la mwanga, ambao hupimwa kwa nanomita. Leza ya aleksandraiti hutoa mwanga wa nanomita 755, ambao melanini huumeza kwa pupa; ni nzuri sana kwa Mzungu mwenye nywele nyeusi, na ni ya hatari kwako. Leza ya dayodi, ambayo kwa kawaida huwa kwenye nanomita 800 hadi 810, iko katikati: mtu stadi mwenye mashine nzuri yenye kipoozeo anaweza kuitumia kwa ngozi ya kahawia kwa tahadhari. Leza ya Nd:YAG iko kwenye nanomita 1064. Mwanga wake huzama chini zaidi na melanini ya juu huugusa kidogo tu, kwa hiyo ndiyo tunayoitegemea kwa ngozi nyeusi. Ina bei yake: kwa kuwa melanini huumeza kidogo, inahitaji nguvu kubwa zaidi, huuma zaidi, na kwa nywele nyembamba haifanyi mengi. Lakini nywele nene nyeusi za kidevu, zile zinazoleta vipele, ndizo hasa inazozimudu, na wagonjwa wengi huona vipele vinapungua baada ya vipindi viwili au vitatu, hata kabla nywele zenyewe hazijaisha.

IPL uliyoambiwa si leza hata kidogo. Ni taa kali inayomulika kwa mapigo, na mwanga wake ni mchanganyiko wa mawimbi, tangu nanomita 500 hivi hadi 1200, yakichujwa kwa kioo. Sehemu kubwa ya mawimbi hayo ni yale yale yanayomezwa na melanini ya juu ya ngozi. Mashine nyingi za IPL za kutumia nyumbani huandikwa wazi kwenye boksi kwamba zisitumiwe na watu wenye ngozi nyeusi sana, na mtengenezaji hana sababu ya kujinyima wateja bure. Mimi siipendekezi kwa uso mweusi kwa ajili ya nywele, na nisingependa binti yangu afanyiwe. Kama kliniki hiyo ina Nd:YAG na ilikutajia IPL kwa mazoea tu, mazungumzo yanaweza kuanza upya. Kama haina, punguzo la bei halina maana.

Ahadi ya "zitakwisha kabisa" nayo irekebishwe. Mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, huruhusu watengenezaji wa leza kudai kwamba hupunguza nywele kwa kudumu, lakini hairuhusu kusema inaziondoa zote. Matarajio ya haki ni nywele chache sana, nyembamba, zinazokua polepole, pamoja na kipindi kimoja cha kurudia pengine mara moja kwa mwaka. Pia kuna jambo ambalo kliniki nyingi hazilitaji: kwa wanawake wachache, hasa usoni na shingoni, na hasa wenye ngozi nyeusi na matatizo ya homoni, leza huamsha nywele badala ya kuziua, mara nyingi pembezoni mwa eneo lililopigwa. Inadhaniwa kwamba nguvu ndogo isiyotosha kuua kinyweleo huchangia kukichochea. Ukiona hivyo baada ya vipindi viwili, simamisha na umwone daktari. Usikubali kuambiwa "ongeza vipindi".

Kuchubuliwa kwa dawa siku ile ile ya leza, jibu ni hapana bila kusita. Ngozi iliyopigwa leza tayari ina joto na uvimbe. Ukiongeza asidi juu yake unaialika ile ile hali iliyokuletea madoa. Kuchubua kwa juu juu, kwa asidi ya glikoliki, ya salisiliki au ya mandeliki kwa kiwango cha wastani, kuna nafasi yake kwa ngozi nyeusi mikononi mwa mtu anayeijua, lakini baadaye, ngozi ikiwa imetulia, na wiki kadhaa mbali na leza. Kuchubua kwa kina hakufai kwa ngozi yetu.

Naomba sasa tuzungumze juu ya krimu yako ya kuchanganyiwa, kwani inanitia wasiwasi kuliko mashine. Krimu inayofifisha madoa upesi, kisha yakarudi pindi unapoiacha, mara nyingi ina steroidi kali, au haidrokwinoni, au zebaki, au mchanganyiko wake. Shirika la Viwango la Kenya limepiga marufuku vipodozi vyenye haidrokwinoni na zebaki, lakini kikopo kisicho na lebo hakina wa kukikagua. Steroidi ikipakwa usoni kwa miezi hupunguza unene wa ngozi, huleta chunusi, na, jambo ambalo wengi hushangaa wakilisikia, huotesha nywele pale inapopakwa. Inawezekana kabisa kwamba krimu unayoipaka kwa ajili ya madoa inachangia nywele zinazoyaleta. Haidrokwinoni ikitumiwa kwa miaka huweza kugeuza ngozi kuwa na weusi wa samawati usiotoka. Zebaki hudhuru figo. Usiikatishe ghafla kama umeipaka kwa muda mrefu, kwa maana ngozi iliyozoea steroidi hulipuka kwa wekundu na mwasho. Nenda nayo kwa daktari wa ngozi, ikiwa ndani ya kikopo chake, ili akuongoze kuipunguza. Na usipigwe leza ya aina yoyote hadi ngozi itakapopona.

Mahali pake, kwa ajili ya madoa, kuna asidi ya azelaiki ya asilimia 15 au 20, ambayo hupunguza vipele na rangi kwa pamoja na inaweza kuendelea kutumiwa hata ukiwa mjamzito, na kuna adapalini ya usiku, ambayo haifai katika ujauzito. Zote mbili huwasha kidogo mwanzoni na huhitaji miezi mitatu ya subira. Halafu kuna jua. Watu wa Nairobi hulidharau kwa sababu ya baridi yetu ya Julai, lakini jiji liko karibu na ikweta na juu ya usawa wa bahari kwa mita 1,700 na ushei, na miale ya urujuanimno huongezeka kwa takribani asilimia 10 kwa kila mita 1,000 unazopanda. Tafuta krimu ya kuzuia jua yenye kinga ya 30 au zaidi, na ikiwezekana yenye rangi ya kahawia. Rangi hiyo hutokana na oksidi za chuma, nazo huzuia hata mwanga wa kawaida unaoonekana, ambao huongeza weusi wa madoa katika ngozi zetu kwa kiasi ambacho krimu nyeupe haiwezi kukizuia. Wengi wanaozichukia krimu za jua kwa kuwaachia uso mweupe kama waliopakwa unga huzipenda hizi za kahawia.

Njia nyingine zipo, na sitaki udhani leza ndiyo pekee. Elektrolisisi, yaani kuingiza sindano nyembamba katika kila kinyweleo na kupitisha umeme, ilianza mwaka 1875 kwa daktari wa macho wa Marekani, Charles Michel, aliyekuwa akiondoa kope zinazochoma jicho, na hadi leo ndiyo njia ambayo FDA huitambua kuwa inaondoa nywele kwa kudumu. Haijali rangi ya ngozi wala ya unywele. Lakini ni kazi ya unywele mmoja mmoja, huchukua miezi mingi, na mkono usio stadi huacha makovu. Kwa mwenye nywele kumi za kidevu, au mwenye nywele zilizoanza kuwa nyeupe, ningeifikiria kwanza. Kuna pia krimu ya eflonithini, ambayo hupunguza kasi ya kukua kwa nywele za uso ikipakwa asubuhi na jioni, na athari yake huisha ukiiacha. Dawa hii ilipata sifa kwanza kama tiba ya malale ya Afrika Magharibi na Kati, kwa njia ya sindano. Haipatikani kirahisi katika kila duka la dawa, wala si nafuu, lakini pamoja na leza huharakisha matokeo.

Wakati unasubiri vipimo, acha kibano na nta, na acha wembe wa kukata hadi chini. Tumia mashine ndogo ya umeme ya kupunguza, inayoacha nywele milimita moja hivi, ili ncha isipate nafasi ya kujichimbia ndani. Najua milimita moja huonekana ukiwa kaunta, na kwamba mchana kutwa uso wako uko mbele ya watu. Poda kidogo inasaidia, na wiki chache za kuvumilia huvipa vipele nafasi ya kulala. Usivitumbue kwa sindano.

Utakaporudi kliniki hiyo, au nyingine, uliza mashine ni ya aina gani na ina nanomita ngapi, na uombe uonyeshwe maandishi yaliyo juu yake. Uliza nani atakayeishika, amefundishwa wapi, na ni daktari gani anayewajibika jambo likiharibika. Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno la Kenya lina orodha ya madaktari na vituo vyenye leseni ambayo unaweza kuitazama mtandaoni kwa dakika chache; jina lisipokuwamo, ondoka. Kisha omba jaribio: mapigo machache chini ya taya, mahali pasipoonekana sana, na usubiri angalau siku mbili, na ikiwezekana wiki mbili, kabla ya uso mzima. Ikifanya vizuri, utasikia mchomo mkali wa haraka na harufu ya nywele zilizoungua, na ngozi itasimama vinundu vidogo kuzunguka kila kinyweleo, kama mtu aliyeshikwa na baridi; vinundu hivyo hutulia baada ya saa chache au siku moja. Mwambie mhudumu kama unatumia dawa yoyote, hasa doksisaiklini au vidonge vya chunusi vya isotretinoini, kama una historia ya makovu yanayovimba, na kama hutokwa na malengelenge ya homa mdomoni, kwa sababu joto la leza huweza kuyaamsha na kuna vidonge vya kuzuia. Ukiwa mjamzito, tunaahirisha. Lipa kipindi kwa kipindi. Kliniki inayojiamini haitakufukuza kwa hilo, na punguzo la kulipa vyote mwisho wa mwezi hukuondolea uhuru wa kusimama mambo yakienda mrama.

Kuhusu ruracio, miezi minne haitoshi kumaliza kazi hii, na nisingependa uikimbize. Ukipata vipimo mwezi huu, na ngozi ikatulia kutokana na krimu kwa wiki sita au nane, utaweza kufanya jaribio na labda kipindi kimoja au viwili kabla ya siku hiyo. Cha mwisho kiwe angalau wiki nne kabla yake. Katika wiki ya sherehe yenyewe usijaribu kitu kipya chochote usoni. Mashine ya kupunguza na vipodozi vyako vya kawaida vitatosha, na nina hakika vipele vitakuwa vichache kuliko leo.

Mwone daktari ana kwa ana bila kungoja iwapo nywele zitaongezeka kwa kasi ndani ya miezi michache, sauti ikawa nzito, misuli ikatuna bila mazoezi, au hedhi ikakatika kabisa. Dalili hizo kwa pamoja zinaweza kumaanisha uvimbe wa ovari au wa tezi za juu ya figo unaotoa homoni, na huo hauna uhusiano na saluni. Kwa vipimo vya kawaida unaweza kuanzia kwa daktari wako wa karibu, naye akuelekeze kwa daktari wa homoni. Kwa ngozi, kliniki ya ngozi ya Hospitali Kuu ya Taifa ya Kenyatta huwaona wagonjwa wa rufaa, na hospitali kadhaa za binafsi jijini zina madaktari wa ngozi waliosajiliwa. Na ukishapigwa leza, popote pale, kisha ukaona malengelenge, ngozi iliyogeuka kijivu au nyeupe, au maumivu yanayozidi badala ya kupungua baada ya saa kadhaa, poza kwa kitambaa safi chenye maji baridi, usiweke barafu moja kwa moja, dawa ya meno wala mafuta ya moto, usipasue malengelenge, na ufike kwa daktari wa ngozi siku hiyo hiyo au kesho yake asubuhi. Doa linalotibiwa mapema, kabla uvimbe haujapoa wenyewe, huacha alama ndogo zaidi kuliko lile linaloletwa kwangu baada ya mwezi mmoja.